MREJESHO: Nyumba aliyotuachia bibi kwa ajili ya watoto

Habari zenu wakuu. Niliuliza tutimizeje wosia wa bibi yetu, aliyetaka nyumba yake ya Tanga iwe kituo cha yatima. Wengi mlisema tuanzie ustawi wa jamii kabla hatujanunua hata kitanda. Tulifanya hivyo, na asanteni sana.

Afisa alitufungulia Sheria ya Mtoto ya 2009: makao ya watoto hayaendeshwi bila leseni. Akasisitiza mtoto atafutiwe kwanza ndugu au familia ya kuaminika. Kikao cha ukoo kilikuwa kizito, mjomba alitaka kituo tu. Mwisho tukaafikiana nyumba ipangishwe, kodi iwasaidie walezi waliopitishwa na ustawi: sare, madaftari, bima.

Juzi shangazi alimpelekea mtoto wa kwanza tunayemsaidia godoro na chandarua. Mtoto akauliza, "Nitalala peke yangu humu?" Shangazi alilia njia nzima.

Sasa tunasajili bodi ya wadhamini RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), asije mjukuu akaiuza nyumba. Aliyepitia hatua hiyo, naomba anieleze katiba iandikweje ili mabinti wa ukoo nao wapate nafasi kwenye bodi.