Vitunguu saumu vya nyumbani na sufuria zetu: tupeane uzoefu

Mama wa Ndosho (Goma)
Jambo kwenu bandugu. Wiki hii nimeng'oa vitunguu saumu vyangu, na majirani wameniuliza mpaka nikaona heri tuongelee hapa. Mnajua viwanja vya Ndosho: mawe ya volkano juu, mawe chini. Ukipiga jembe linaruka. Kwa hiyo mimi napanda ndani ya magunia ya unga yaliyokwisha. Nakunja mdomo wa gunia mpaka libaki urefu wa goti, naweka kokoto nyeusi kidogo chini maji yapite, halafu udongo uliochanganywa na mavi ya mbuzi yaliyooza vizuri. Yakiwa mabichi yanaunguza mizizi.

Punje nachagua zile kubwa za pembeni, nazisimamisha ncha juu, kina cha vidole viwili, na kati ya moja na nyingine upana wa kiganja. Ngozi yake siibandui. Napanda mwezi wa tatu, mvua ikiwepo, ili vikomae mwezi wa saba au wa nane kwenye ukavu. Vikikomaa mvuani vinaoza. Majani ya chini yakianza kuwa manjano, naacha kumwagilia, na hiyo inanifaa sana, maana maji ya Goma mnayajua, bidoni (madumu) ni kazi.

Haya, kila mtu aseme: unapandia wapi, na unapikia nini?

Fundi wa Majengo (Goma)
Mama, aksanti. Mimi nilichukua vile vyeupe vikubwa vya China, pale sokoni Birere. Vingine havikuota kabisa. Vilivyoota vilikuwa na majani ya kupendeza, wageni wakasifu. Kung'oa sasa: kila kimoja duara moja tu, hakuna punje ndani! Nani aliniloga?

Wa Kadutu (Bukavu)
Hakuna aliyekuloga, kaka. Kitunguu saumu asili yake ni Asia ya Kati, kule kwenye baridi kali. Kinahitaji kupita kwenye baridi ndipo kigawanyike punje punje, na aina nyingi za mbali zinangoja pia siku ziwe ndefu. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana ni kama masaa 12 mwaka mzima. Mmea unabaki unashangaa, unatengeneza duara. Tena vya kutoka mbali vingine vinatiwa dawa ili visiote dukani, ndiyo maana vingine vilikugomea.

Mambo mawili yanasaidia. Kwanza tafuta mbegu kwa mama wanaoshuka na mboga kutoka milimani. Vichwa ni vidogo, kumenya ni taabu, lakini vimeshazoea hali yetu. Pili, mwenye frigo (friji) aweke punje humo wiki kadhaa kabla ya kupanda, sehemu ya kawaida, si kwenye barafu. Na maduara yako usiyatupe: kula, au yapande tena msimu ujao, mara nyingi yanagawanyika.

Huku kwetu shida si mawe, ni mteremko. Mvua moja ya Bukavu inaondoka na bustani nzima mpaka kwa jirani wa chini. Napanda kwenye matuta yanayokata mlima, si yanayofuata maji.

Mzee wa Katuba (Lubumbashi)
Watoto wa Kivu, salamu. Huku baridi tunapewa bure: mwezi wa sita na wa saba usiku mtu anatafuta blanketi mbili. Tunapanda mwezi wa nne, tunatoa kabla mvua haijarudi. Udongo wetu mwekundu unashikana, ninauchanganya na mchanga na samadi. Ila anayekaa karibu na viwanda vya shaba asipande chini hovyo, udongo wa upande ambako moshi unapelekwa una madini mengi. Magunia ya mama wa Ndosho yangemfaa.

Dada wa Himbi (Goma)
Mimi sina hata gunia, nina ndoo iliyopasuka kwenye ngazi. Sisubiri kichwa, nakata majani tu na kuyatia kwenye mayai asubuhi. Kwa sokoni navinunua vingi wakati barabara haijafungwa, maana ikifungwa kila kitu kinapanda bei; nasaga, natia mafuta, naweka kwenye chupa kabatini. Miezi!

Muuguzi wa Keshero (Goma)
Dada yangu, hiyo chupa imwage leo. Saumu mbichi ndani ya mafuta, bila hewa na bila baridi, inaweza kuotesha kijidudu chenye sumu ya kupooza mwili, na huwezi kukijua kwa harufu wala kwa kuonja. Kwenye mafuta tengeneza kidogo, weka kwenye frigo, kula siku chache. Huna frigo? Acha vichwa vizima, vikauke kivulini wiki mbili au tatu, kisha uvitundike penye hewa. Na kwa wale wanaotibu malaria kwa saumu: nendeni mkapimwe. Saumu ni ya chakula.

Dada wa Himbi
Woi! Nimemwaga. Aksanti mama.

Mama wa Ndosho
Basi tuingie jikoni. Sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, mbichi za asubuhi: nazisafisha, natia chumvi na ndimu. Saumu naiponda na naiacha kama dakika 10 kabla ya moto, nguvu yake inatoka ikishapondwa. Sambaza nazikaanga kwanza, mpaka zikigongana zinalia kavu. Natoa mafuta, nabakiza kidogo, napunguza makaa kwenye mbabula (jiko la makaa), ndipo saumu na pilipili zinaingia. Ikianza tu kunukia narudisha sambaza, nageuza mara mbili, naepua. Ukingoja saumu ibadilike rangi ya kahawa, inakuwa chungu na mlo wote umeharibika. Bugali iwe tayari mezani.

Wa Kadutu
Kwenye sombe, majani ya muhogo, je? Mimi natwanga saumu pamoja na majani kinuni, ichemke nayo tangu mwanzo.

Mama wa Ndosho
Hapana baba, inapotea! Sombe ichemke peke yake muda mrefu bila kifuniko, kisha mawese, na saumu karibu na kuepua.

Mzee wa Katuba
Wote mnakosea, ni mara mbili: kinuni na mwishoni.

Fundi wa Majengo
Hayo ya sombe mimi nakula tu. Mama, mbegu zimebaki?

Mama wa Ndosho
Zipo kidogo, nimeziacha kwenye vichwa vyake. Uje na mfuko wa karatasi, si sachet ya plastiki, zitaoza njiani. Na kama una mavi ya mbuzi, ulete ndoo moja tubadilishane.