Ushauri: Minecraft ya modi, washkaji watatu, seva hatuna

Kiazi_Uyole: Wakuu, heshima kwenu. Tuko watatu: mimi Mbeya, mmoja Iringa, mwingine Njombe. Tuna ulimwengu wetu wa mchezo wa Minecraft ya Java (ile ya kompyuta), modi (nyongeza za mchezo) kibao. Hela ya kukodi seva (kompyuta inayobaki hewani muda wote) kila mwezi hakuna. Tufanyeje tucheze hata mmoja akiwa amelala? Nawasilisha.

Fundi_Mwanjelwa: Bando la simu? Wekeni ZeroTier wote (programu inayounganisha kompyuta za mbali kama ziko nyumba moja), mmoja afungue ulimwengu kwa LAN (mtandao wa ndani), wenzake waingize anwani yake na ile namba ya mlango (port) inayotokea kwenye chati ya mchezo. Forge (programu inayoendesha modi) na modi zenyewe ziwe toleo moja. Ila akizima, wote nje.

Mama_Naomi: Na palizi ya mahindi anafanya nani?

Baridi_Makambako: Sisi folda ya saves (ulimwengu unapohifadhiwa) tulikuwa tunatumiana kwa flashi, anabeba konda wa basi. Kuna siku ilirudi imejaa kwaya tupu. Nzuri lakini, bado nazisikiliza.

Kiazi_Uyole: Folda tulishapeana. Sasa kila mtu ana yake. Nataka ya kwangu ndiyo iendelee.

Fundi_Mwanjelwa: Kwa nini ya kwako? Funguka, mkuu.

Kiazi_Uyole: Basi, nilitoa modi moja ya mashine, kompyuta ilikuwa inakwama. Kiwanda cha jamaa wa Iringa kikayeyuka. Lakini ulimwengu nilianzisha mimi! Halafu yeye akifungua folda yangu kwake anajikuta na begi langu, almasi zote.

Fundi_Mwanjelwa: Huyo siyo mwizi. Vitu vya mwenyeji vinakaa ndani ya faili la level.dat kwenye folda hiyo, anayefungua anavivaa. Kiwanda hata ukirudisha modi hakirudi, matofali yalishafutika. Chukueni folda yake. Ulichojenga mbali na kwake hamishia humo kwa kunakili faili za .mca (vipande vya ramani), kila moja ni eneo la matofali 512 kwa 512.

Kiazi_Uyole: Nyumba yangu imepakana na kiwanda chake. Na modi sirudishi, RAM yangu ni GB 4.

Mtani_Kihesa: Chai hii. GB 4 na modi kibao? Halafu juzi si ulikuwa unauza hiyo kompyuta humu humu?

Kiazi_Uyole: Nilikuwa napima soko tu.

Mama_Naomi: Muombe mwenzio radhi, mwanangu.

Baridi_Makambako: Kiazi, bado ipo? Laki mbili taslimu, njoo na chaja.