Natafuta jina la tamthilia: msichana mdogo, theluji na sarafu ya bibi yake

Mtafutaji

Nawasalimu nyote. Kwa miaka mingi nimekuwa nikitafuta tamthilia moja ya televisheni niliyoitazama nikiwa na umri wa miaka sita au saba hivi, na kila ninapomsimulia mtu huishia kuniambia kwamba pengine niliiota. Haikuwa ya Kiswahili. Waigizaji walizungumza lugha ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeielewa, na maandishi ya tafsiri yalipita chini ya picha. Kwa kuwa nilikuwa bado sijajua kusoma sawasawa, dada yangu mkubwa ndiye aliyekuwa akinisomea, naye aliketi karibu mno na kioo hata mama akawa anamgombeza.

Ninachokumbuka ni msichana wa rika langu ambaye wazazi wake, kwa sababu ya ufukara, wanamtoa akafanye kazi katika nyumba ya watu. Anasafirishwa mtoni juu ya kitu kisicho na kuta, theluji ikianguka, huku analia akiwaita wazazi wake. Bibi yake alikuwa amempa sarafu ya fedha. Baadaye anaanguka katika theluji na karibu afe, kisha anaokolewa na mzee mmoja aishiye katika kibanda mlimani, mwenye kupiga kinanda cha mdomo. Nakumbuka pia maneno ya mzee huyo, kwa maana niliyarudia kitandani usiku mwingi: kwamba mtoto anayelala ameshika kitu alichopewa na bibi yake hawezi kuuawa na baridi. Je, yupo anayeitambua tamthilia hii, na inaweza kupatikana wapi?

Msomaji wa Usiku

Ndugu Mtafutaji, hukuota. Hiyo ni *Oshin*, tamthilia ya shirika la utangazaji la Japani, NHK, iliyoandikwa na Sugako Hashida na kurushwa kuanzia Aprili 1983 hadi Machi 1984. Ilikuwa na sehemu 297 za dakika 15 kila moja, zikioneshwa asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi. Wastani wa watazamaji wake katika eneo la Kanto, ambamo jiji la Tokyo limo, ulikuwa asilimia 52.6 ya nyumba zenye televisheni, na siku moja ulifika asilimia 62.9.

Kitu kisicho na kuta ulichokiona ni chelezo, na mto wenyewe ni Mogami katika mkoa wa Yamagata, kaskazini mwa kisiwa cha Honshu. Mwaka unaosimuliwa hapo ni 1907. Oshin anapelekwa kumlea mtoto katika nyumba ya mfanyabiashara wa mbao, na ujira wa mwaka mzima ni gunia moja la mchele, ambalo familia yake inapewa.

Kuna jambo moja ambalo kumbukumbu yako imeliunganisha. Kibandani mlikuwa na watu wawili, si mmoja. Mzee ni Matsuzo, mchoma mkaa. Anayepiga kinanda cha mdomo ni Shunsaku, kijana aliyetoroka jeshi baada ya kuyaona mauaji ya vita vya Urusi na Japani vya mwaka 1904 na 1905. Ndiye anayemfundisha Oshin kusoma na kuandika, na ndiye anayekufa kwa risasi za askari wakati theluji imeyeyuka na msichana anarudi kwao. Sishangai kwamba mtoto wa miaka sita aliwafanya wawili hao kuwa mtu mmoja, kwa sababu kibanda kile kinaonekana chenye giza muda wote na mwanga pekee ni wa moto.

Hata hivyo, maneno kuhusu kitu cha bibi yananitatiza. Sarafu ile ya sen 50 ndiyo iliyomponza Oshin: fedha kama hiyo ilipopotea katika nyumba ya mwajiri, yeye akapatikana na yake, akaitwa mwizi, na ikachukuliwa. Ndiyo sababu alikimbia. Alipoanguka katika theluji hakuwa nayo tena, kwa hiyo sioni jinsi mzee Matsuzo angeweza kuyasema hayo.

Kabati la Kanda

Ametajiwa jina, basi acha nami niseme kuhusu kuitafuta, maana kulijua jina ni nusu ya kazi tu.

Ukiandika *Oshin* kwa herufi zetu utaletewa mambo mengi yasiyohusika. Kwanza kuna filamu ya katuni ya mwaka 1984 ambayo ndani yake Oshin ametolewa sauti na mtoto yuleyule aliyemwigiza, Ayako Kobayashi; halafu kuna filamu ya mwaka 2013 yenye waigizaji wapya. Zote mbili zinasimulia utoto wake tu, na hakuna iliyo ile uliyoitazama. Nakushauri uandike jina kwa Kijapani, ambalo ni herufi tatu tu, おしん, ukiongeza mwaka 1983. Ukiona uso wa mtoto mwenye mashavu mekundu kwa baridi, aliyembeba mtoto mchanga mgongoni, umefika.

NHK inayo tamthilia nzima na imekwisha kuirudia, na huko Japani imeuzwa pia katika diski. Kigumu kupata, kwa maoni yangu, ni *Oshin* yako wewe, yaani nakala yenye maandishi aliyoyasoma dada yako. Tamthilia hii ilianza kuoneshwa nje ya Japani mwaka 1984 nchini Singapore, ikafika katika nchi zaidi ya 60, na kila ilikokwenda ilivishwa lugha nyingine. Kwa kawaida kituo cha televisheni hununua ruhusa ya kurusha kwa muda maalumu. Muda ukiisha, kanda hurudishwa, huwekwa stoo zikaota ukungu, au hurekodiwa kitu kingine juu yake, kwa sababu kanda pana za studio za wakati ule zilikuwa ghali na hakuna aliyeona haya kuzitumia tena. Tafsiri hupotea pamoja nazo. Nimewahi kushika kanda ya namna hiyo: juu ya ganda palikuwa na karatasi tatu zilizobandikwa moja juu ya nyingine, na kichwa cha mwisho kilikuwa cha mechi ya mpira.

Mama Mkwe Nambari Moja

Jina langu la hapa limetokana na tamthilia hiyohiyo, kwa hiyo nivumilieni.

Watu wengi wakisema *Oshin* humaanisha mtoto katika theluji, ilhali Ayako Kobayashi alionekana kwa wiki kama sita tu za mwanzo. Baada yake Yuko Tanaka anachukua nafasi ya Oshin kijana, na sehemu nyingi zaidi ni zake: tetemeko la ardhi la mwaka 1923 linalofuta kila alichokijenga na mumewe, kisha maisha huko Saga chini ya mama mkwe ambaye, nakiri, nilimchukia kuliko mhusika yeyote niliyewahi kumwona kwenye kioo.

Ombi langu kwako, Mtafutaji, ni kwamba ukiipata usiishie kibandani. Hadithi yote inaanza na mwanamke mzee, katika mwaka 1983, anayetoweka siku ambayo familia yake inafungua duka la kumi na saba. Anarudi milimani alikotoka ili ajiulize ni wapi alikosea hata watoto wake wakawa wafanyabiashara wasio na huruma. Kwa hiyo chelezo kile hatukioni kwa macho ya mtoto peke yake. Anayekitazama ni bibi aliyekwisha tajirika, na sina hakika kwamba anajionea huruma.

Mtafutaji

Nimechelewa kurudi, mniwie radhi. Nimeipata kwa herufi tatu nilizoelekezwa, bila tafsiri yoyote, na nimetazama mpaka kibandani. Ni kweli walikuwa wawili. Mzee anakoka moto, na kijana amekaa pembeni na kinanda chake.

Nilimpigia dada yangu simu ili nimuulize kuhusu maneno yale ya kitu cha bibi. Alicheka sana, halafu akanyamaza kidogo. Aliniambia kwamba wakati ule alikuwa darasa la tatu, maandishi yalipita upesi kuliko macho yake, na kila yalipomshinda alitunga ya kwake. Usiku ule, anasema, mimi nilikuwa nimeanza kulia na mama alikuwa karibu kuja kuzima televisheni.