Tupeane uzoefu: notisi zako ulizisomaje mpaka zikakaa kichwani?

Dada Mkubwa: Habari zenu wapendwa. Mdogo wangu yuko fomu foo, Novemba anaingia NECTA. Jana saa sita usiku nimemkuta anahamisha notisi za Baiolojia kwenye kaunta buku mpya, vichwa vya habari vyekundu, michoro imenyooka. Nikamwambia funga daftari, nieleze kazi za ini, hata kwa Kiswahili tu. Akaniangalia machozi yakamlenga. Imeniuma maana ndo nilivyokuwa mimi. Nyie mlisomaje?

Mtoto wa PCB: Dada hapo umenigusa. Advansi notisi zangu darasa zima wanaazima. Siku ya mock nafungua pepa nakutana na mzunguko wa Calvin, ile hatua ya mmea kutengeneza sukari, ukurasa wenyewe nauona kabisa kichwani, naona hadi pale nilipopaka kijani kona ya kulia, ila maneno hayaji, mkono unatetemeka, wenzangu wanaomba karatasi za kuongeza mimi nina namba ya mtihani tu. Nilipata F. Aliyeniokoa ni jirani yangu wa dawati, mwandiko mbaya ila kila ukurasa kapiga mstari pembeni, kushoto anaandika maswali yake mwenyewe, prepo, ule muda wa kujisomea usiku, anafunika kulia kwa rula anajijibu. Nilipofika chuo ndo nikajua inaitwa njia ya Cornell, aliieneza Walter Pauk kule Marekani miaka ya 1950.

Mama K: Ukurasa unauona maneno huyaoni!! Yalinikuta.

Kidume cha Msuli: Aamke saa kumi alfajiri apige msuli, kichwa kimetulia.

Nesi wa Zamu: Alale! Mtoto anakesha halafu unamwamsha saa kumi?

Kidume cha Msuli: Mimi nilifaulu hivyo.

Nesi wa Zamu: Wewe ulilala saa tatu, yeye kalala saa saba.

Chuo Mwaka wa Pili: Aandike kwenye laptopu aachane na makaratasi.

Mtoto wa PCB: Laptopu fomu foo ya bweni? Na kwenye laptopu unanakili maneno ya mwalimu yote bila kuyapitisha akilini.

Bibi wa Tranka: Naomba niseme langu. Fomu siksi, wiki tatu kabla ya pepa, tumetoka kula nakuta tranka langu limevunjwa kufuli, kaunta buku za Historia zote tatu hazipo. Nililia mpaka matroni akaja. Usiku ule nikachukua karatasi nyeupe nikaandika topiki ya kwanza kwa kichwa tu, nilichokumbuka hakikujaa hata nusu ukurasa, jamani miaka miwili yote ile nusu ukurasa! Kesho yake nikaazima daftari nikasoma pale palipokuwa na pengo tu, nikarudisha, nikaandika tena bila kuangalia. Nikafanya hivyo kila topiki, kila usiku. Historia nilipata B.

Mama K: Mwizi alipatikana??

Kidume cha Msuli: Huyo alikuwa wa bweni hilohilo, nakwambia.

Bibi wa Tranka: Hakupatikana. Daftari moja lilikutwa bafuni limelowa.

Mama K: Roho mbaya jamani!

Mwalimu Mstaafu: Tumrudie mtoto. Kusahau kunaenda kasi mwanzoni, Mjerumani Ebbinghaus alijipima mwenyewe akaandika mwaka 1885. Somo la leo alirudie leo prepo, kisha keshokutwa, kisha baada ya wiki, na kila mara daftari liwe limefungwa kwanza. Kulisoma tena na tena liko wazi kunampa kulizoea tu, akadhani analijua.

Dada Mkubwa: Asante mwalimu, asanteni wote. Leo nimempa karatasi nyeupe. Ini kaandika kazi nne, tatu ziko sawa, ya nne kachanganya na figo, kaenda mwenyewe kuitafuta kwenye daftari. Ila Hesabu anafanyaje, anafunika nini?

Mwalimu Mstaafu: Afunike njia yote, abaki na swali. Akikwama afunue mstari mmoja tu, afunike tena.