Uasi kwenye hadithi ya Unguja ya mwaka 2090 uanzie wapi?

Mtunzi_Mdogo:
Assalaam aleikum. Kuna hadithi naiandika tokea Ramadhani, ya kubuni, Unguja ya mwaka 2090. Bahari imepanda, visima vya pwani vyote vimeingia chumvi, wenye nacho wamehamia mji wa chuma uliojengwa nje kule juu ya mwamba ambako ndo kuna maji matamu, na sie wengine tumebaki huku kuwalimia na kuwafulia. Maji unapewa kwa kadi ya kazi, siku huna kazi huna maji. Hapo nimefika, uasi ndo umenishinda. Nimemuandika kijana kaiba bunduki kapiga hotuba watu wote wakamfuata, nikamsomea dada yangu akanambia huyu mbona simjui, mtaani kwetu huyu hayupo. Na kweli nimemtoa kwenye filamu. Snowpiercer ya 2013 masikini wamejazwa mabehewa ya mkiani wanalishwa vipande vyeusi vya wadudu waliosagwa, mwisho wanainuka wanapigana behewa kwa behewa kwenda mbele. Naipenda sana lakini sie treni hatuna. Nataka watu wangu waasi kama watu wa hapa.

Baba_Miembeni:
Waaleikum salaam mwanangu. Treni tulikuwa nayo, ikitoka Ngome Kongwe inapita vichochoroni mpaka Bububu, wazee wetu wameipanda. Na huo mji wako wa kubuni ulishajengwa hapa hapa. Darajani pakaitwa Darajani kwa sababu palikuwa na daraja kweli, hori la bahari lilikuwa linaingia linaukata mji, upande wa kule majumba ya mawe ya wenye mali, upande wa huku vibanda vya udongo na makuti, watu waliotoka utumwani, wachukuzi, wapishi, madobi. Ndo Ng'ambo hiyo. Hori likafukiwa, jina likabaki.

Sasa uasi wao. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi. Nyumba umejenga mwenyewe, miti umenunua, makuti umenunua, lakini kiwanja cha mtu na mwenyewe anakuja kudai chake. Watu wakasema hatulipi. Hebu ifikirie hiyo mwanangu, mwenye kiwanja anabisha hodi hapa anaambiwa hatulipi, anakwenda mlango wa pili hatulipi, mtaa mzima. Halafu 1948 wachukuzi wa bandarini wakaweka mizigo chini na mji mzima ukagoma. Kaisome riwaya ya Kuli ya Adam Shafi, ya 1979, utaona mtu anavyogeuka pole pole, haamki siku moja tu akawa shujaa.

binti_wa_mwani:
Mdogo wangu, umesema visima vya pwani lakini mwanamke simuoni humo ndani, na hiyo kazi ya pwani nani anaifanya? Mamangu kaanza mwani Jambiani tokea mwanzo mwanzo, ilikuwa mwisho wa miaka ya 80 mwani ulipoanza kulimwa kwa biashara. Bamvua likifika maji yakitoka na yeye anatoka, kamba begani, mambo, vile vijiti vya kuchomeka chini, mkononi, anakaa kwenye maji saa na saa mpaka vidole vinachanika. Siku hizi bahari ina joto, kotonii ule mnene wenye bei unakufa, uliobaki ni mwembamba na bei yake ndogo. Ukishakauka unasafirishwa nje huko unatiwa kwenye dawa za meno na aiskrimu.

Nikwambie kitu kimoja. Nilikuwa na miaka 10, tumepima kiroba kwa mizani ya duka la mtaani kilo 30, tukakipeleka kwa mnunuzi, kwenye mizani yake ikasoma 26. Mama akamtizama karani, akautizama mshale, akapokea pesa. Njia nzima hakusema neno. Mie hasira yangu imebaki kwenye ule mshale mpaka leo na nina watoto watatu sasa. Kwa hiyo bunduki achana nayo. Andika siku ambayo wanawake wamekwenda na viroba vyao wakavikalia, hakuna anaepandisha kitu kwenye mizani, karani kasimama na kalamu yake hana cha kuandika.

Mchumaji_Wete:
Dada umesema kweli tupu. Mie niko Pemba na nina la kuongeza. Huo mji wa chuma geti lake nani analilinda? Kwenye filamu askari wamevaa kofia za chuma hawana hata sura, huku kwetu askari ni mtoto wa shangazi yako, kazi kaombewa na nyumba nzima inakula kwa mshahara ule. Karafuu kwa sheria tunauza serikalini tu, ukiivusha kwenda Kenya ni magendo. Jamaa yangu mmoja alikuwa doria ufukweni usiku msimu wa karafuu, kamulika tochi kamkuta mjomba wake ana gunia begani. Hawakusemeshana. Akazima tochi akaenda zake upande mwengine, na mpaka leo hawajalizungumza, wanakutana msikitini wanapeana mikono tu. Basi yakhe hadithi yako iko kwenye ile tochi.

Na geti likishavunjwa, asubuhi yake mizani anaishika nani? Hadithi nyingi zinakatia pale pale getini. Katama Mkangi kwenye riwaya yake Walenisi ya 1995 alikwenda mbele zaidi, mtu kahukumiwa kifo karushwa angani akafikia kwenye nchi ya watu sawa, tukaoneshwa wanavyoishi. Angalau sura moja ya asubuhi hiyo tuandikie.

Mtunzi_Mdogo:
Ahsanteni sana, nimekaa na simu tokea magharibi nayarudia haya. Kijana wa bunduki nimeshamfuta. Sasa inaanza na bi mkubwa mmoja kwenye foleni ya maji, ndoo yake ya lita 20, karani kamimina kaishia lita 17 anamwambia imejaa, na mlinzi wa geti aliesimama pale pale ni mwanawe wa kumzaa. Hiyo asubuhi ya pili ntaiandika, sijui bado mizani nimpe nani. Dada wa mwani, ule mshale ulikuwa rangi gani?

binti_wa_mwani:
Mwekundu. Na kioo kilikuwa na ufa, ukisimama upande wa muuzaji namba huzioni sawasawa.