Mrejesho: usaili wa mdomo na moyo kwenda mbio

Wakuu, niliwaomba ushauri kwa sababu kila nikiingia usaili wa mdomo sauti hutetemeka na majibu ninayoyajua yanapotea. Kilichonisaidia zaidi ni pumzi: kuvuta kwa pua, kisha kuitoa polepole, kwa muda mrefu kuliko wa kuivuta. Pumzi inapotoka mapigo ya moyo hupungua kasi, na nililihisi hilo kabisa nikiwa kwenye benchi nasubiri kuitwa. Kahawa niliiacha asubuhi ile. Walipouliza swali la kwanza nilinyamaza kidogo ndipo nikajibu. Mikono bado ilitetemeka, ila sauti ilitulia. Aliyesema nifanye mazoezi ya kujibu kwa sauti mbele ya watu, Mungu akubariki sana. Matokeo bado hayajatoka.