Kufuta funksheni kwenye KIRAKA halafu unatujibu "namba ni namba tu"?

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Wale jamaa wa ile maktaba ya msimbo (code iliyoandikwa tayari, unaibeba ndani ya programu yako) siwataji, mnawajua, nusu yenu programu zenu zinaibeba bila nyie kujua.

Ilikuwa 4.2.7. Leo wametoa 4.2.8. Imesogea namba ya mwisho tu! Namba ya mwisho ni kiraka: ziba tundu, ondoka, usiguse kingine. Wao wamefuta funksheni nzima, yaani kipande cha msimbo kinachofanya kazi fulani, tena ile inayoitwa na programu ya kila mtu. Kwenye KIRAKA!

Seva ikatapika makosa, mteja anampigia meneja, meneja ananipigia, simu ikapata moto ungeweza kuinyooshea nguo. Nikaenda kuwaeleza kwa adabu zote. Jibu: "Namba ni namba tu." Suala likafungwa papo hapo.

Namba ni namba tu! Kanuni za namba za matoleo, zile 2.0.0 za mwaka 2013, zinasema wazi: ukivunja wanachotumia watu, panda namba ya kwanza. Na ukurasa wao unajisifu kwamba wanazifuata! Wangekuwa bado kwenye 0 ningenyamaza, huko lolote linaweza kubadilika. Hawa wako 4! Halafu namba ni namba tu!

mzee_wa_seva: Pole mkuu. Ila uliweka ^ mbele ya namba, ile inayoruhusu hata namba ya kati ipande, sivyo? Mchawi ni wewe.

Mleta mada: Niliweka ~, inayoruhusu kiraka peke yake! Ndiyo maana inauma!

KibodiMoto: Faili la kufuli je, lile linaloshikilia toleo lisisogee lenyewe? Au nalo lilifutwa kwenye kiraka? 😂

Mleta mada: Lipo. Nilisasisha kwa makusudi kwa sababu walitangaza kiraka kinaziba tundu la usalama. Ningekaa na tundu? Wameniita mlangoni wenyewe ndipo wakanipiga. Namba ni namba tu!!

NuktaTatu: Hao hao walitoka 3.9 wakaenda 3.10, skripti yangu ikaona 3.10 ni ya zamani. Siwasamehi.

mzee_wa_seva: Skripti yako inalinganisha namba kama maandishi, mkuu. Hilo usiwasingizie.

NuktaTatu: Basi waanzie 10 kila mtu aelewe!

KibodiMoto: Mnalia na 3.10? TeX, programu ya kupanga vitabu, kila toleo linaongeza tarakimu moja kuifuata pai, sasa hivi ni 3.141592653. Na watu wanaishi.

dada_wa_terminali: Linux, kiini cha mfumo endeshi, ilitoka 2.6.39 ikaenda 3.0 mwaka 2011 bila mapinduzi yoyote. Kiongozi aliona tu namba zimekuwa ndefu.

Mleta mada: Kupandisha bila kuvunja hakumuumizi mtu. Hawa wamevunja BILA kupandisha. Turudi kwenye mada jamani.

mzee_wa_seva: Walau wale wa lugha ya Python walivunja hadharani. 3.0 mwaka 2008, ya 2 wakaizika 2020.

NuktaTatu: Hadharani gani? Mabano ya print, yaliyogeuka lazima kwenye 3, yamenitesa miaka!

KibodiMoto: Mabano tu? Mimi nilikuwa na maandishi yenye herufi za alama kama é, yakavurugika yote, usiniambie kitu.

dada_wa_terminali: Na lugha ya PHP, toleo la 6 liko wapi? Walitoka 5 wakaruka hadi 7, na mimi nilishanunua kitabu cha 6.

KibodiMoto: Dada, kitabu cha 6?? Fungua uzi wako, tunakuja wote.